Miwani Moja na Goti la Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Julai 2025

Tunduma. Baridi ya kukata masikio. Nimevuka mpaka hadi Nakonde, nikamsabahi muuzaji kwa Kibemba, "Mulishani!", akanishushia bei papo hapo. Nimerudi na taa nyekundu ya tiba. Dada yangu Imelda kadai ni balbu ya vifaranga. Ushamba! Wenzetu huko duniani wanajianika mbele ya taa hizi kama kahawa.

Mpango: mama yake Jenista, mchumba wangu, goti linamtesa kila kipupwe. Jumapili familia yao kule Iyula inatoa jibu la posa. Ama mimi, ama Ezron mwenye mashine ya kusaga. Neno la mwisho ni la mama. Goti likipona, Ezron kwisha habari yake!

Jumanne, 8 Julai

Imelda kanisomea karatasi ya maelekezo bila kuombwa. Ngozi iwe safi, isipakwe kitu. Taa ikae shibiri mbili. Dakika kumi, basi. Anayemulikwa avae miwani ya kinga. Anayemeza dawa aulize hospitali kwanza. Nikamwambia karatasi hizo wanaandikiwa waoga. Mimi nimefika Kitwe, Zambia ndani kabisa, tena mara mbili!

Nimeikodolea taa macho nione nani mwanaume. Madoa ya kijani hadi saa nane mchana. Maana yake ina nguvu.

Jumatano, 9 Julai

Kikwazo. Kijijini kwetu Mbebe, na kwao vilevile, mtu hamtazami mama mkwe wala hasemi naye moja kwa moja. Ukimwona njiani unaingia kwenye mahindi. Sasa goti lake utalimulikaje? Jenista kapiga simu, kasema tuache tu, mama atakanda kwa maji ya chumvi. Halafu Ezron kampelekea mama blanketi. Blanketi!

Nimewaza hadi chai ikapoa. Kumbe jibu liko ndani ya boksi. Miwani ya kinga ni nyeusi tii, na iko moja. Nikiivaa mimi, simwoni mkwe. Mila imetulia. Yeye atafumba macho. Akili nyingine mtu anazaliwa nayo.

Alhamisi, 10 Julai

Iyula. Siku ndefu.

Nimeingia sebuleni na miwani usoni, kwa kupapasa. Nikasalimia kwa heshima zote. Jenista akaninong'oneza kwamba nimeamkia kabati. Mama akamtuma Jenista, ingawa tuko chumba kimoja, amuulize huyo kijana kama ataona kitu. Nikamtuma Jenista ajibu kwamba kijana haoni hata vidole vyake mwenyewe. Mama akaridhika, akafunika uso kwa kanga.

Umbali nimekisia, maana goti la mkwe haliguswi. Jenista kaenda kuangalia maharage jikoni. Saa ya taa sikuiona, kwa hiyo nikahesabu moyoni huku nikiusimulia ukuta habari za Kitwe. Mama kimya. Nikajua simulizi imemkolea.

Kumbe anaungua! Mila inamkataza kusema nami, mwanamke wa watu anamngoja Jenista arudi na maharage hayaivi. Mwisho heshima ikamshinda. "We Lwitiko! Naungua, mwanaharamu wewe!"

Sijui nini kilinipata. Nikambeba mgongoni, mbio hadi zahanati, na miwani sijaivua. Mama ndiye aliyeshika usukani: "Kulia! Mgomba! Mgomba, wewe!" Mgomba mmoja tuliupata.

Nesi Loisi kaona lengelenge, dogo, kama kifungo cha shati. Akauliza maswali. Mama alikuwa amejipaka dawa ya kuchua. Anameza vidonge vinavyofanya ngozi ikipigwa mwanga iungue upesi. Taa ilikuwa karibu kama kiganja, nusu saa nzima. Nesi akauliza miwani ya mgonjwa iko wapi. Nikamwonyesha: usoni kwangu. Nesi akatafuta kiti.

Nje nimelia kidogo. Vumbi.

Jumamosi, 12 Julai

Ezron anatangaza mashineni kwamba nimemchoma mkwe na kumshika mapaja. Iyula nzima wananiita Tanuri. Jenista hapokei simu. Nimetuma asali kwa mama. Siyo mbinu, namhurumia kweli. Usingizi sipati.

Jumapili, 13 Julai

Nimekubaliwa!

Mshenga wangu, baba mdogo Deus, kanieleza. Wazee walikuwa upande wa Ezron hadi mama alipochechemea katikati yao. Akasema mwenye blanketi aliliacha mlangoni akaondoka. Huyu kichaa amemchoma, ndiyo, lakini alipomsikia analia hakukumbuka mila wala aibu, akambeba. Binti yake akiugua, anataka mtu wa kubeba. Nimepigwa faini ya kuku wawili kwa kumgusa, na taa isionekane tena sebuleni kwake. Jenista kanifinya mkono hadi ukafa ganzi.

Nilipokuwa naaga, mzee, baba mkwe mwenyewe, akanivutia nyuma ya ghala. Kaninong'oneza kwamba mgongo unamla tangu kahawa ianze kuchumwa. Eti ile taa bado inawaka?

Inawaka, baba!

Ghala siyo sebule. Kesho asubuhi, mama akienda kubadilisha bandeji. Mzee anameza vidonge vya presha, lakini Nesi Loisi ana kazi nyingi, sitamsumbua. Karatasi ilisema dakika kumi, yaani goti moja. Mgongo wa mzee nimeukadiria kwa macho: magoti sita. Saa nzima, kamili. Safari hii nimepiga hesabu.