Mtazamaji Asiyeweza Kuondoka

Jumatatu, 3 Machi
Filamu yangu imezinduliwa mjini Udon! Vichekesho vya familia yetu ndani ya pikapu, safari nzima hadi Chiang Mai. Watazamaji kumi na mmoja, tisa ni ndugu walioigiza humo humo. Saba walitoka kabla hatujafika nusu ya njia, watatu baadaye kidogo. Shemeji Krit, mwenye kiwanda cha barafu, alibaki. Akikoroma.

Mke wangu Duan ametoa hukumu: hadi Jumapili nipate mtu mmoja, aliye macho, wa kuitazama mpaka mwisho. La sivyo, naanza kubeba barafu kwa Krit. Mmoja tu! Kazi ndogo.

Jumanne, 4 Machi
Nimeiweka kwa kinyozi. Mteja amefungwa shuka shingoni, ataenda wapi? Ameenda. Nusu kichwa kimenyolewa, nusu bado. Hajui sanaa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata! Mama mkwe aliweka nadhiri kwa Babu, mzimu mlinzi wa kijiji: magoti yakipona, atamwonyesha filamu ya ngumi pale kibandani pake. Yamepona. Kesho Mzee Chit, mwonyesha filamu wa vijijini, analeta turubai la kuonyeshea na mashine. Viti vitakuwa vitupu kama ilivyo desturi ya nadhiri, anayetazama ni Babu peke yake. Na Babu hajatoka kibandani tangu kijiji kianzishwe! Nitabadilisha filamu kimya kimya. Mimi ni kichwa.

Ijumaa, 7 Machi
Udi, soda nyekundu ya kumtolea Babu, viti kumi vitupu. Hadhira tulivu kuliko ya Udon. Tulipofika pale tunapokwama nyuma ya lori la miwa (dakika kumi na nane, sikukata hata moja), upepo ukavuma, turubai likaanguka kifudifudi. Nikasema ni upepo wa Machi. Mzee Chit akasema ana miaka arobaini kwenye kazi hii na hajaona kitu kama hicho. "Kijana, huyo kaondoka."

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe ameamka magoti yamevimba. Chit amemwambia kila kitu. Akaniuliza kama kweli nimemwonyesha Babu yale matapishi. Nikamkumbusha kwamba naye yumo. Akasema ndiyo maana anajua. Kisha akalia: mwaka mpya wetu wa Aprili umekaribia, na alitaka kupanda ngazi za hekalu bila kushikwa mkono. Niliona aibu sana. Kama robo saa hivi.

Jumapili, 9 Machi
Kichwa cha nguruwe cha kumwomba Babu radhi, mimi nimepiga magoti, filamu ya ngumi. Kijiji kizima kimekuja, hata yule wa nusu kichwa. Hakuna aliyeondoka. Mwishoni Mama mkwe aliinuka kitini mwenyewe, na Duan akamkumbatia. Krit akanikabidhi glavu za barafu. Saizi yangu kabisa.

Watu walipokuwa wakikunja mikeka, nilibaki na kijiti kimoja cha udi. Nimeweka nadhiri yangu mwenyewe: Babu akinitoa kiwandani kabla ya mwezi kuisha, nitamwonyesha filamu yangu nzima, pamoja na yale masaa mawili niliyokata. Atafurahi huyo!

Na turubai nitalifunga kwa minyororo.