Milimita Ishirini

Jumatatu, 9 Oktoba

Sikukuu. Nimesugua gari asubuhi nzima. Lina miaka thelathini na saba, bado jeupe, bado linaringa. Ila magurudumu yamezama ndani kama mashavu ya mzee aliyevua meno bandia. Zamani yalijaa hadi ukingo wa madigadi! Ringi zile pana niliziuza binti yetu Natsuki alipozaliwa, tukanunua kitanda cha mtoto. Sijuti. Najuta kidogo.

Jumapili tunakutana ziwani, juu ya mlima Akagi, sisi tuliokuwa tukikimbizana kwenye kona zake enzi tuna nywele. Jirani yangu Tsunoda kapita na gari lake, aina ileile, mwaka uleule, ila ameliwekea kiyoyozi kipya. Akamwambia mke wangu Michiyo kwamba Jumapili kuna kiti chake humo, na mto wa mgongo juu yake. Michiyo akasema atafikiria.

Atafikiria! Ujanani tulimgombea wawili palepale ziwani, mimi na Tsunoda, naye akaja kufungua mlango wa gari langu. Hakufikiria hata sekunde.

Langu hajalipanda miaka kumi na moja sasa. Anasema linanuka petroli. Lazima nilirudishie sura yake.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimepata spesa nne kwenye duka la vipuri chakavu. Visahani vya chuma vya kukaa kati ya habu, kitovu kile cha gurudumu, na ringi, unene milimita ishirini, vya kusukuma gurudumu nje. Muuzaji, kijana, kaniuliza kama nimebadilisha boliti za habu, maana za asili zitakuwa fupi. Nikamwambia nilianza kufunga magurudumu kabla mama yake hajaolewa.

Zilikuwa fupi. Kila nati imeshika uzi wa boliti mizunguko mitatu tu. Nikaitazama. Tatu si sifuri.

Nikaenda kununua tofu. Mtaa wa kwanza, raha tupu. Wa pili, usukani ukaanza kutetemeka. Mbele ya nyumba ya Tsunoda nati ikachomoka, ikabingirika hadi miguuni pake alipokuwa akimwagilia maua. Gurudumu likainama kama mlevi. Bahati nilikuwa mwendo wa konokono. Tsunoda akaiokota, akainamisha kichwa kwa adabu, akaniuliza: “Bwana Hosoya, hii ni ya gari au ni ya kichwani?”

Sitamsamehe.

Jumatano, 11 Oktoba

Kwa Mama Negishi. Ana miaka sabini na tisa, karakana aliachiwa na marehemu mumewe, na nyundo bado haijamshinda. Alipoona boliti akaweka mikono kiunoni.

“We Kuni! Gurudumu unalifunga kwa nini, kwa sala?”

Nikasema nilitaka kujaribu tu.

“Miaka sitini na miwili, bado nakufuta kamasi. Shika brashi hiyo!”

Nikasugua kutu ya habu. Yeye akazigonga boliti za zamani, zikatoka moja moja, akavuta mpya ndefu mahali pake. Sasa nati inazunguka mara kumi na moja. Harufu ya grisi. Redio kwenye rafu. Palepale nilipochutama, marehemu alikuwa akitupozea kahawa za makopo kwenye ndoo ya maji. Alikuwa akimwita Michiyo “rubani”, kwa sababu kwenye kona Michiyo ndiye aliyekuwa akinipigia kelele nishike breki. Machozi yakanitoka. Nikasingizia kutu.

Mama Negishi kanionya: mbele ishirini ni sawa, lakini nyuma nirudi kesho anitilie za kumi na tano. Kwa hizi tairi litatokeza nje ya madigadi, polisi hawataki, na litasuguana na bodi. Nikaitikia ndiyo, mama. Ndiyo kabisa, mama.

Alhamisi, 12 Oktoba

Sikurudi. Nimening'iniza uzi wenye nati kutoka kwenye madigadi, nipime. Tairi la nyuma linachungulia milimita nne. Nne! Unene wa biskuti!

Ndipo akili ikafunguka. Gari hili likibebeshwa mzigo nyuma huchutama, na matairi huingiza vichwa ndani. Stoo kuna magunia matatu ya mchele, kilo thelathini kila moja, kutoka kwa shemeji. Nimeyapakia kwenye buti. Mgongo umelia, lakini uzi umenyooka, tairi halionekani. Mama Negishi ni fundi. Mimi ni mvumbuzi.

Jumamosi, 14 Oktoba

Michiyo kautafuta mchele. Nikasema nimeupeleka ukapigwe upepo. Akauliza wapi. Nikasema, nje. Akafungua buti.

Akalifunga tena taratibu. Akampigia simu Tsunoda, akakubali lifti. Nimemsikia akicheka kwenye simu. Kile kicheko cha zamani, cha pumzi mbili. Chakula cha jioni alinipikia tambi.

Jumapili, 15 Oktoba

Nimepanda mlima peke yangu. Majani yameshaanza kuwa mekundu. Kona ya tatu: *krrrr*. Ya tano: *krrrr*, na harufu ya mpira unaoungua. Kwa mzigo ule bodi ilikuwa imeyalalia matairi. Kona ya tisa nikaegesha kando. Nikakaa kwenye ukingo wa barabara na spana yangu, nikijiona mzee kweli.

Gari la Tsunoda likanipita. Likasimama. Michiyo akashuka na kikapu chake.

“Sauti hiyo nimeisikia tangu chini,” akasema.

Nikasema labda ni upepo.

Akanikazia macho. “Hata siku ile uliniambia ni upepo.”

“Siku gani?”

“Siku ya kwanza, Kuni. Tairi lilisuguana mpaka juu, nawe unaniambia upepo. Nikajisemea, huyu hajui hata kudanganya. Huyu ananifaa.”

Miaka yote hii sikujua kwamba alijua!

Tsunoda kapiga honi kuuliza kama asubiri. Michiyo akampungia mkono aende. Akaniamuru nishushe magunia, tukayaacha kwa muuza mikate ya miso ya soya pale kwenye kona, ndugu wa shemeji. Gari likainuka, kelele ikakoma. Akaketi kando yangu, akashusha kioo. Kila kona akanipigia kelele: “Breki! Breki, jamani!” Tukafika wa mwisho. Wenzetu walikuwa wameshapiga picha ya pamoja. Hatukujali.

Jumatatu, 16 Oktoba

Mama Negishi amezikaza nati zote upya. Akaona matairi yalivyochunika, akanitilia zile za kumi na tano nyuma. Michiyo alikuwepo. Waliniuliza kwa pamoja kama nimejifunza. Nimeapa, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba nimejifunza.

Jioni nimeagiza spesa za milimita thelathini. Ukitafakari, bila mkwaruzo ule Michiyo angenipita, angeenda zake ziwani! Nimeomba waandike kwenye boksi “dawa ya mgongo”. Michiyo amefurahi sana kusikia kwamba hatimaye najitunza.