Unga wa Lengalenga za Koko Feza

Bandugu, leo sina uso. Uso wangu umebaki kule salon kwetu, chini ya meza ya wageni, na sina nguvu ya kurudi kuuokota. Niko nyuma ya jikoni, naandika na telefone yenye iko karibu kuzima. Acheni niwaambie mimi mwenyewe, kabla Dieudonné hajawaambia vyake.

Wenye hamunijui: mimi ni Zawadi, wa hapa mulimani Masisi. Dieudonné njo muchumba wangu. Leo mama yake alikuwa anakuja kwetu mara ya kwanza, toka Kibabi, kuniangalia. Akinikubali, wazee wanaongea mahari. Akinikataa, basi, kila muntu anabaki kwao.

Juzi Dieudonné akanipigia.

"Mama anataka uji ya mbegu za lengalenga ya pori. Ile walikula wakati ya kukimbia vita, akiwa mutoto. Anasema musichana mwenye anajua kutengeneza ule unga, huyo ni wake."

"Hiyo tu?" nikajibu. "Hiyo kazi ndogo."

(Nilikuwa sijawahi kuufanya hata siku moja. Huu mudomo wangu utaniua.)

Lengalenga mimi najua ya majani, ya kupika na mawese. Mbegu zake nilikuwa naona kuku wanazidonoa tu. Mama yangu akanieleza: unakata masuke yakishakauka, unayapiga juu ya kitambaa, unapepeta, unakaanga kidogo, unasaga kwenye jiwe. Mbegu zenyewe ni ndogo sana, nyeusi, zinapita kati ya vidole kama maji. Na yenye imekomaa sasa hivi iko mahali moja tu: kwenye kiwanja cha Koko Feza.

Koko Feza alikuwa bibi mumoja mwenye alikaa peke yake chini ya mikaratusi. Alikufa nikiwa bado shule ya primaire. Nyumba ikaanguka, hakuna mwenye alijenga tena, na lengalenga ikaota mupaka ndani, ikatokea pale mulango ulikuwa. Hakuna mwenye anakataza watu kupita pale. Watu tu hawapiti. Hata ng'ombe wakifika pale wanageuka wenyewe.

"Mama, niende peke yangu?"

"Kwani nani mwingine aliahidi uji?"

Nikaenda asubuhi, kukiwa kumeanza kupambazuka. Ukungu ulikuwa muzito, hata miguu yangu sikuiona. Nilijua nimefika kwa sababu ndege walinyamaza. Nikaanza kukata masuke, haraka haraka, natia ndani ya kikapo. Yalikuwa na umande, mbegu zinanishika mikononi, kwenye shingo, kwenye midomo.

Njo nikasikia wimbo.

Haukuwa na maneno. Ni sauti ya mwanamuke, chini chini, vile muntu anabembeleza mutoto alale. Nikaacha kukata. Wimbo haukuacha. Ulikuwa upande wa kushoto, halafu ukawa nyuma yangu, na mimi sikuwa nimegeuka. Nikajiambia ni mama mumoja anapita njiani kwenda shamba. (Njia iko mbali kabisa. Nilikuwa najidanganya vizuri tu.)

Halafu sauti ingine. Pwa. Pwa. Pwa. Muntu anapiga kitu chini. Kimya kidogo. Halafu: shaaaa.

Nikasema ni upepo. Lakini upepo haukuwa. Ukungu ulisimama palepale, hata jani halikutikisika.

Nikainua macho. Ng'ambo ya ukuta wenye ulianguka, kitu cheupe kikapanda juu. Kipana. Hakina kichwa. Kikakaa juu kidogo, kikashuka. Shaaaa. Kikapanda tena. Na mimi nikakumbuka vile watu wazima husema hapa kwetu: Koko Feza alikuwa anapepeta mbegu kila asubuhi, pale pale, akiimba.

Nikapiga magoti nisali. Mimi ni wa korali, munanijua, siku ya Mungu kanisani nasimama mbele. Baba Yetu sikuikumbuka, hata mwanzo wake! Kile kilitoka mudomoni ni hiki, na nilikipiga kwa sauti yangu yote:

"Koko Feza, usinichukue! Mimi bado sijaolewa! Muchukue Mama Dieudonné wa Kibabi! Yeye aliolewa, alizaa, amekula chumvi ya kutosha! Muchukue yeye!"

Kile kitu cheupe kikalia. Yeeee! Kikaanguka chini, na kishindo.

Nikajua amekubali. Sikungoja aniulize kingine. Nilikimbia na kikapo kichwani, nikaanguka mara sijui ngapi, nikafika nyumbani na nusu ya masuke na matope kwenye meno.

Sikumwambia muntu. Mama angejua, unga ule usingeingia jikoni kwake. Nikapiga masuke, nikapepeta, nikaweka mbegu kwenye sufuria ya moto. Hizo mbegu zikikaangwa zinaruka, pa! pa! Kila moja ikiruka na mimi naruka. Nikasaga kwenye jiwe, nikamwaga unga kwenye sahani. Ulikuwa wa rangi ya majivu, na harufu tamu, ya karanga. Nikaanza kupata moyo kidogo.

Mama akasimama mulangoni.

"Zawadi, huo wimbo umeutoa wapi?"

"Wimbo gani?"

"Ule unaimba."

Nilikuwa naimba. Naapa, sikujua. Nikafunga mudomo, nikasaga kimya mupaka mwisho.

Saa sita wageni wakaingia. Dieudonné mbele, amevaa shati ya kupiga pasi. Nyuma yake mama yake. Bandugu, yule mama alikuwa na kiatu kimoja. Matope mupaka magotini, kitambaa cha kichwa kimegeuka, macho yametoka. Nilifikiri ni njia, sababu mvua ya jana iliiharibu. Nikamupokea na mikono miwili, nikapiga goti: "Karibu Mama." Mikono yake ilikuwa baridi.

Papa yangu akasali, nikaleta uji, na maziwa juu. Mama Dieudonné akashika kijiko. Akanusa. Akakirudisha chini.

"Dieudonné, tunarudi Kibabi," akasema. "Hii ndoa haiko."

Dieudonné akaniangalia. Mimi nikaangalia uji.

"Mama Dieudonné, kosa letu ni gani?" Papa akauliza.

"Papa, kosa si lenu. Asubuhi nilitangulia na pikipiki, nikashukia kule chini, nikapita kwa marehemu Koko Feza kumusalimia. Yeye njo alitulisha wakati ya vita. Huu unga alitusagia yeye. Nikaona mbegu zimekomaa, nikasema ngoja nipate kidogo. Nikatandika shuka nyeupe, nikapiga masuke, nikawa narusha mbegu juu na ile shuka zipepetwe." Akashika kitambaa chake cha kichwa. "Mara kwenye ukungu kitu kikalia, mwanzo wake sikuushika, nikasikia tu: muchukue Mama Dieudonné wa Kibabi! Jina yangu, Papa! Na kijiji yangu! Ati nimekula chumvi ya kutosha! Nikakimbia na kiatu kimoja mupaka barabarani, Dieudonné akanikuta pale. Wafu wa huku hawanitaki. Siwezi kuleta mutoto wangu kwenye hii nyumba."

Papa akasimama kwenda kumwita pasta. Mama yangu akaanza kulia. Dieudonné wangu akainua koti, polepole, vile muntu anainua kitu kizito.

Nikinyamaza, ndoa imekufa. Nikisema, imekufa pia, lakini na aibu juu.

Nikasema.

"Mama... ile sauti ilikuwa yangu."

Papa akabaki na muguu mumoja nje. Mama Dieudonné akasukuma sahani ya uji kando.

"Simama," akasema. "Rudia. Vile vile."

"Mama, tafazali..."

"Rudia!"

Nikasimama. Mbele ya Papa, mbele ya muchumba wangu, na majirani wameshajaa dirishani. Nikapaza: "Muchukue Mama Dieudonné wa Kibabi! Yeye aliolewa, alizaa..."

"Na chumvi."

"...amekula chumvi ya kutosha!"

"Njo sauti yenyewe," akasema. Akakaa. Akavuta uji, akala kijiko kimoja, viwili, na mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka! Machozi yanamutoka, anacheka. "Uji iko na muchanga," akasema, "lakini ni yenyewe. Papa, rudi tuongee mahari. Huyu simuachi kwa wengine, atauza mama za watu wote."

Nikapumua. Dieudonné akaweka koti chini. Hapo ningekaa kimya, leo ingeisha vizuri. Lakini munajua mudomo wangu.

"Mama, samahani, hata ule wimbo wako njo uliniogopesha."

Kijiko chake kikasimama.

"Wimbo gani? Mimi sikuimba. Si wewe ulikuwa unaimba?"

Tukaangaliana. Mama yangu akainuka, akafunga dirisha, na jua lilikuwa linawaka.

Basi. Mahari imepangwa, nashukuru Mungu. Ila wakati wa kuondoka Mama mukwe alinishika mukono, akaniambia ile shuka aliniletea mimi, ya kitanda cha harusi, na bado iko kule, na kiatu chake kiko kando yake. Kesho asubuhi nikavilete.

Musicheke. Jibuni tu: nani ananisindikiza?