Kepteni Huniuliza Mimi Kwanza

Jumatatu, 4 Agosti 1941

Leo nimesimama karibu na ndege! Kepteni, daktari wa jeshi, ameshuka nayo hapa Dodoma kuwapima vijana wanaotaka kufundishwa urubani wa vita. Mimi, dresa, mfunga vidonda wa hospitali, ndimi niliyepewa kazi ya kumsaidia. Ana kiti cha kuzunguka. Kijana anakaa, namzungusha, kisha anatakiwa kutembea juu ya mstari wa chaki. Mbwana, karani wa hospitali, mtu wa Pangani, anasema rubani ni neno la watu wa pwani na majahazi yao, sisi wa bara tutaishia kufunga vidonda. Nimemwacha. Tangu ndege zianze kutua hapa, sijaona hata moja ikiondoka bila kifua kuniuma. Nataka kuruka. Basi.

Jumanne, 5 Agosti

Kwa mzaha Kepteni aliniuliza nani atafaulu. Nikamjibu Gulamrasul, mtoto wa mwenye kiwanda cha soda. Hapepesi macho hata vumbi likimpiga. Harshad wa duka la nguo hafai, anaogopa kuku. Gulamrasul alishuka kitini akatapika juu ya viatu vya Kepteni. Harshad akaufuata mstari kama anakwenda sokoni. Bahati mbaya tu. Mpango wangu uko palepale: nikiwa mtabiri wa Kepteni, atanichukua Nairobi. Nairobi ndege ni nyingi, hawatakosa siku moja ya kunipakia.

Alhamisi, 7 Agosti

Heshima imezidi. Sasa Kepteni huniuliza mimi kwanza, kabla ya kupima mtu. Nikisema fulani anafaa, anaguna na kumrudisha kwao. Nikisema hafai, anamkalisha kitini papo hapo. Nadhani anapenda kuhangaika na wale wagumu. Ameniambia nikiendelea hivi nitakwenda naye Nairobi. Chai ilinishinda kwa furaha. Nimemwambia mke wangu, Klara, anifulie koti. Kaniuliza nani atalitazama huko mawinguni.

Ijumaa, 8 Agosti

Mbwana ameniharibia siku. Anasema Kepteni amewasimulia wauguzi kwamba hajapata kuona mtu anayekosea kwa uhakika kama mimi, ndiyo maana anafanya kinyume cha kila ninachosema. Nilitaka kukasirika. Halafu nikaona njia. Kama kila neno langu linageuzwa, kesho nitasema neno moja tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi, kabla Kepteni hajafika, nilimbembeleza Mbwana anizungushe. Akazungusha kwa chuki zake zote. Nilitembea mstari mzima bila kuyumba.

Kepteni akaingia, akauliza leo nani. Nikakaza mgongo nikamwambia: Ignas, dresa wako huyu, hawezi kabisa kuwa rubani, hata asipimwe. Nikangoja. Alinitazama, wala si kwa ubaya, akasema leo kwa mara ya kwanza nimesema kweli. Na kwa kuwa nimeanza kusema kweli, sitamfaa tena Nairobi. Akaniomba nikifunge kiti sandukuni.

Nilikifunga. Kamba niliikaza mpaka vidole vikauma. Nilitaka sana kwenda. Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia bila kuchekwa.

Jumapili, 10 Agosti

Ndege imeondoka, Harshad yumo ndani. Nilikwenda uwanjani na Klara. Tulisimama kwenye upepo mpaka ikawa nukta upande wa Msalato, kisha hatukuiona tena. Klara alinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hafanyi.

Njiani nikaligundua kosa langu. Mdomoni nilisema sifai, lakini moyoni nilijua nafaa, na Kepteni ni daktari, aliniona usoni, akageuza lile la moyoni. Inasemekana atarudi mwezi wa kumi. Kwa hiyo nimeanza leo hii kujizoeza kuamini kwamba sifai. Klara anasema Mbwana anaweza kunisaidia. Nikishaamini kabisa, Kepteni hatakuwa na la kufanya ila kunichukua.