Edmund Mtu wa Jembe

Jumatatu, 24 Juni 1974
Habari kubwa! Karani mkuu wa ghala letu la nafaka, hapa Mbeya, anastaafu. Kiti chake kitakuwa wazi. Kiti chenye mto, meza yenye droo, simu! Miaka sita nimesimama kwenye mizani napima magunia, vumbi la mahindi puani. Nakitaka kile kiti mno. Philbert wa dawati la risiti anakitaka pia, ila anajifanya hajui. Meneja wetu, Ndugu Eliezeri, amesema hataki mtu wa tai. Anataka mtu halisi, anayefahamika kwa wakulima. Basi nitakuwa halisi. Nimejipa wiki mbili.

Jumanne, 25 Juni
Jina nimepata: Edmund Mtu wa Jembe. Nimeazima jembe kwa mwenye nyumba wangu, Mama Tusajigwe. Akauliza nakwenda kulima wapi. Nikasema nakwenda kupiga picha. Alicheka mpaka akaketi chini. Kisha studio kwa Bwana Taherali, hapa Mwanjelwa. Alitaka nisimame mbele ya pazia lenye picha ya ndege ya abiria, kama wateja wote. Nilikataa. Uhalisi kwanza! Nikajipaka maji usoni yawe jasho. Akanishauri nivue saa. Nilikataa pia. Saa ni mpya.

Jumatano, 26 Juni
Kadi za salamu za redio! Nimenunua tisa na kuziandika mwenyewe, kwa niaba ya wakulima tisa wa Chimala wanaoleta mpunga kwenye mizani yangu: Bujiku, Nkuba, Seni na wenzao. Wote wanamsalimia Edmund Mtu wa Jembe, mwenzao wa shambani. Ruhusa sikuomba. Watu wana shughuli zao. Nimezituma redioni na kuomba zisomwe Saba Saba, Sikukuu ya Wakulima.

Jumamosi, 29 Juni
Viganja vyangu laini mno. Aibu! Nimekaa barazani saa nzima nasugua mpini wa jembe. Malengelenge mawili tu. Mama Tusajigwe akasema, baba, viazi vyangu viko hapo nyuma, si ungesugulia huko? Nikamweleza sina nafasi, nina kazi ya kuwa mkulima.

Jumatano, 3 Julai
Picha imewekwa kwenye kioo cha studio! Nimepita mbele yake mara saba. Philbert naye akaitazama, akasema kwa upole kwamba nimeshika jembe kama mwavuli. Wivu tu. Mzee Bujiku alileta mpunga leo, akasema ameiona na angependa kuliona shamba langu. Nikasema liko mbali, upande wa Iringa. Kumbe Ndugu Eliezeri alikuwa karibu, na kwao ni Iringa. Akauliza Iringa ipi. Nikakohoa sana.

Jumapili, 7 Julai. Saba Saba
Niliandamana mstari wa mbele kabisa. Mchana, redioni kwa jirani, kadi zimesomwa! Zote tisa! Mtangazaji akasema mwandiko ni mmoja, bila shaka kijiji kizima kinatumia kalamu moja, na huo ndio ujamaa wenyewe. Baraza zima likaangua kicheko. Mimi machozi ya fahari yalinilenga. Nchi nzima imenisikia!

Jumatatu, 8 Julai
Siku mbaya. Ndugu Eliezeri kaniita. Ndani nikamkuta Mzee Bujiku, kofia mkononi. Akasema tangu azaliwe hajanunua kadi ya salamu, na kwamba hana ugomvi na mtu, anauliza tu. Meneja hakunikemea. Afadhali angenikemea! Alisema mtu anayesalimiwa na wakulima tisa ni dhambi kumfungia ofisini. Kiti amepewa Philbert. Mimi nakwenda shamba la mfano la mpunga, Chimala, kuanzia Alhamisi. Mzee Bujiku atanisimamia. Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia. Philbert akanifuata na leso yake. Nikamchukia zaidi.

Jumatano, 17 Julai. Chimala
Mgongo wangu! Kutwa nainua kingo za udongo za majaruba ya mpunga. Mzee Bujiku akiona nimekosea, anaubomoa ukingo na kunirudishia jembe. Mke wake, Mama Mbuke, ananiletea ugali na maziwa ya mgando, ananiita mwanangu. Jana ukingo mmoja ulisimama sawasawa na mzee akatikisa kichwa kukubali. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Nilikaribia kabisa kuridhika.

Nilikaribia! Leo Nkuba kaleta habari: mkoani wanatafuta msaidizi wa Bwana Mifugo. Ofisi iko Mbeya mjini. Ina kiti! Wanataka mtu halisi, aliyekulia zizini. Nimemwomba Mzee Bujiku aniazime fahali mpole kwa ajili ya picha. Seni akajitolea kunifundisha kukamua. Nikamshukuru, nikakataa; nimemwomba anionyeshe tu wachungaji wanavyotembea. Jioni nimepita kijiji kizima na fimbo mabegani, polepole, bila kucheka. Ng'ombe mmoja aliacha kula akanitazama. Nadhani amenikubali.