Kipaza Sauti Kimenichongea Temeke

Mwenzenu leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. (Si nguo za mwilini. Afadhali zingekuwa hizo, ningejifunika gazeti.) Na Temeke nzima ni mashahidi, maana hata waliokuwa jikoni wamesikia.

Mnaijua kazi yangu mpya. Serikali imeleta gari la matangazo, lile lenye mapembe makubwa ya kutolea sauti juu ya paa. Gari lile linataka watu watatu: dereva, fundi wa umeme na mtangazaji. Fundi kahamishiwa Dodoma, na hakuna mwingine aliyefundishwa. Basi Bwana Mkubwa wa ofisi yetu akaniita mie, karani wa kupiga taipu, akanionyesha swichi asubuhi moja, akasema, "Anselmi, kuanzia leo wewe ndiye fundi, wewe ndiye mtangazaji."

Nikasema ndiyo, bwana. (Ningesema nini?)

Leo tumepelekwa Temeke na Salumu, dereva wetu. Si mchezo. Ndui imeingia kule, nyumba mbili zimeshazuiwa, haingii mtu hatoki mtu. Dresa Yohana, muuguzi wa hospitali, kaweka meza yake sokoni tangu jana ili achanje watu, lakini waliokuja hawajazi hata benchi. Pana uvumi kwamba ile alama ya chanjo ni ya kukutambua, usombwe kwenda mashamba ya mkonge. Sasa nani atatoa mkono?

Mie hapo! Nikapiga santuri kwanza, watu wachangamke. Kisha nikakamata kipaza sauti.

"Enyi watu wa Temeke! Njooni mchanjwe! Chanjo haiumi! Ni kama kuumwa na sisimizi!"

Sauti ikatoka nzito, tamu. Nikajipenda mwenyewe. Lakini watu walinitazama tu toka milangoni. Nikarudia mpaka koo likakauka. Hakuja mtu.

Salumu akasema, "Tupumzike, tule mihogo." Nikazima mashine.

Yaani nilidhani nimezima. Swichi ziko mbili, zinafanana kama pacha: moja ya santuri, moja ya kipaza sauti. Nikazima ya santuri! Sie tuko ndani, vioo juu kwa sababu ya vumbi, injini inanguruma, mapembe yameelekea sokoni. Tungejuaje?

Salumu, mdomo umejaa muhogo, akaniuliza, "Wewe umechanjwa lini?"

"Mie? Thubutu! Siku dresa alipokuja ofisini nilijifungia chooni."

"Na unasema haiumi?"

"Nitajuaje? Naiogopa ile sindano, nikiiona tu natafuta mlango."

Salumu akacheka mpaka akapaliwa. Nami nikanogewa. "Kwanza kazi ya watu watatu naifanya peke yangu. Fundi kaenda Dodoma na maarifa yake. Hizi swichi zenyewe, Salumu, nabahatisha tu!"

(Jamani. Nimeyasema hayo kwa kipaza sauti cha serikali.)

Mara nikaona soko limesimama. Muuza samaki kaacha kisu hewani. Kina mama wameshika mbavu. Kioo kikagongwa: ngo, ngo, ngo! Alikuwa Bi Mwanahawa, muuza vitumbua, mama wa makamo anayeogopwa na Temeke yote.

Nikateremsha kioo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shuka. Hapa hakuna choo."

Hapo ndipo nilipotazama zile swichi. Ya kipaza sauti ilikuwa bado imewashwa.

Nikamgeukia Salumu aniokoe. Rafiki yangu huyo, ninayekula naye sahani moja, alikuwa keshachukua kipaza sauti na waya wake mrefu, ananifuata nyuma! Bi Mwanahawa kanishika mkono kama mtoto anayepelekwa chuoni kusoma Kurani. Umati ukafanya njia. Dresa Yohana akajitahidi kuwa na uso wa kazi, ikamshinda.

Nikakaa. Nikakunja shati. Nikafumba macho. Kitu cha baridi kikanigusa begani.

"Mama yangu weee! Nakufa!"

Mapembe yakaichukua sauti yangu, nadhani ikafika mpaka Keko.

Umati ukanyoosha shingo. Kisha dresa akasema taratibu, naye karibu kabisa na kipaza sauti, "Bado, Anselmi. Hiyo ni pamba."

Watu wakaanguka chini! Mzee mmoja kofia ilimtoka. Nikatamani ardhi ipasuke. Dresa akanichanja wakati huohuo wa vicheko, na niwaambieni ukweli: kweli ni kama sisimizi.

Nilipofumbua macho, Bi Mwanahawa alikuwa ameshakaa kwenye benchi, kanga kaishusha begani. "Nichanje na mie," alimwambia dresa. Kisha akaniinamia, sauti ya chini. "Mwanangu, nilimzika ndugu yangu kwa ndui. Nami bado niliogopa. Ulivyotangaza kama jogoo sikukuamini. Ulivyosema unaogopa, nikakuamini."

Nikamshikia kanga yake.

Baada yake wakaja kina mama wa vitumbua, na watoto wao, na yule mzee wa kofia. Mstari ukazunguka soko. Kila anayekaa analia kwa utani, "Mama yangu weee!" kabla hajaguswa. Dawa ikamwishia dresa, ikabidi Salumu akimbie na gari kuchukua nyingine.

Akarudi na Bwana Mkubwa. Salumu alimkuta njiani anakuja, na kwa yale mapembe alikuwa amesikia kila neno. Nikajua kibarua kimeota nyasi.

Akautazama ule mstari mwanzo hadi mwisho. "Kweli watu hatutoshi," alisema. "Kumpa mtu mashine bila kumfundisha lilikuwa kosa langu. Mkimaliza kazi hii, wewe na Salumu mtakwenda kujifunza umeme."

"Ahsante, bwana."

"Lakini kesho ni Kinondoni. Kaseme kama ulivyosema leo."

"Kuhusu sisimizi, bwana?"

"Kuhusu choo."

Basi ndugu zangu wa Kinondoni, nawaomba kwa heshima. Kesho anayekuja kuchanjwa, karibu sana. Anayekuja kunicheka, karibu pia, ila nimeshamwambia dresa aanze na huyo.