Vijembe kutoka Marekani

Jumatatu, 4 Agosti 2003
Jumamosi nitakuwa mtu mkubwa Kilindoni! Bi Mwanamkuu, mwenye banda la video, kasema siku hiyo atachagua mtafsiri mmoja tu wa kushika kipaza sauti na kuwaeleza watu kwa Kiswahili sinema inasema nini. Ni mimi au Sufiani. Sufiani ana sauti ya jenereta na sinema zote za karate anazijua. Mimi nina kamusi, nimeisoma mwenyewe hadi herufi M. Na nina boksi la kanda za zamani za Marekani, kaniachia mzungu aliyekuwa akihesabu kasa hifadhini. Kanda ya juu ina picha ya wanamaji. Vita hiyo! Nimewatangazia vijana mpaka Miburani.

Jumanne, 5 Agosti
Balaa. Banda limejaa. Wanamaji wakashuka melini, wakapanga mstari, nikawaambia watu sasa mtaona damu. Wakaanza kuimba. Halafu wakacheza juu ya meza, visigino vinalia kama mvua kwenye bati. Huko mtu akitaka chumvi anaimba kwanza. Nikasema hayo ni mazoezi kabla ya vita. Wimbo wa sita, mvuvi mmoja wa dago, kambi ya wavuvi pale ufukweni, akauliza kwa upole, "Kaka Isdory, bunduki inatoka saa ngapi?"
Haikutoka. Sufiani kacheka mpaka kashika nguzo.

Jumatano, 6 Agosti
Nimepata akili! Asubuhi sokoni nimewakuta Kidawa na Zawadi, wakaanga pweza, wakirushiana maneno nani kamwibia mwenzake kona. Kila kijembe, wateja wanashangilia. Nikasimama pale na pweza mdomoni. Akina mama hawaji bandani, lakini kwenye taarabu hawakosi. Na kanda yangu ina nini? Nyimbo tupu! Mle ndani kuna binti wa gauni la njano na mke wa nahodha, wanaimbiana huku wamekunja sura. Wanasema nini sijui, wanaimba haraka kuliko kamusi. Basi nitawatungia mwenyewe. Bi Mwanamkuu kanipa Ijumaa alasiri, kwa kuguna.

Ijumaa, 8 Agosti
USHINDI! Kanga zimejaa hadi mlangoni, wengine wamekalia ndoo. Binti wa njano akafungua mdomo, mimi nikaimba juu yake: "Kikaango chako kipana, pweza wako mpira!" Kidawa akainuka, akaenda mbele taratibu, akamtunza binti kwa asumini juu ya televisheni, macho yote kwa Zawadi. Vigelegele.
Zawadi akanigeukia. "Mwanangu, na mie wimbo wangu uko wapi?"
Bahati nzuri mke wa nahodha akaanza kuimba. Nikamtilia maneno ya kona ya wizi. Zawadi naye akaenda mbele kutunza. Wakakutana hapohapo, kanga zikafungwa viunoni, televisheni imepona chupuchupu.
Baadaye Bi Mwanamkuu kauliza Mmarekani kamjuaje Kidawa. Nikasema hata huko wanakula pweza. Kanitazama sana. Kasema nyimbo tamu, ila nisithubutu tena kuwaingiza watu wa hapa. Nimeapa.

Jumamosi, 9 Agosti
Sufiani kamleta Mwalimu Tekla, anayefundisha Kiingereza, aniumbue. Bi Mwanamkuu kasema neno la mwalimu ndilo litaamua. Nikamwamkia shikamoo mara mbili. Nikaimba mapenzi matupu, hakuna kikaango, hakuna kona. Sinema ilipokwisha Sufiani akauliza, kwa sauti yake ile, kama nimetafsiri sawa. Mwalimu akafuta miwani.
"Katafsiri vizuri kuliko walivyoimba," akasema.
Kipaza sauti changu! Sufiani kapewa kazi ya kuwasha jenereta.
Nakunja waya, Mwalimu Tekla akanivuta kando. Kumbe anajua, hata neno moja halikuwa la kweli. Ila ana mwenzake shuleni, Mwalimu Devota, anayejipaka poda kama andazi lililomwagiwa unga. Je, binti wa njano hawezi kumwambia kitu Ijumaa ijayo? Nikasema anaweza. Jina hatutaji, poda inatosha.
Haikupita saa, kaja Mwalimu Devota. Naye ana ujumbe wake kwa Tekla. Nimempa mke wa nahodha.
Nimewawekea wote wawili viti vya mbele, vimegusana, karibu kabisa na televisheni, wasikie vizuri.